Kunoa Siku Isiyo na Msiba

Mkono wangu wa kushoto hauna nywele kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Wa kulia unazo, tena nyingi, na sasa zimekuwa nyeupe. Wajukuu wangu walipokuwa wadogo waliamini nilizaliwa hivyo. Nanyi vijana mnaofanya useremala pale Benaco, mnaopita hapa kwangu Nyamiaga kuniamkia na kunitania, kuna siku mmoja wenu aliniuliza, "Shikamoo mzee, huo mkono uliungua?" Nikamwambia marahaba, haukuungua, unanyolewa. Mkacheka wote. Nikamuuliza yeye anapimaje makali ya patasi yake. Akasema, "Patasi si patasi tu, mzee?" Neno lile lilinikaa wiki nzima, ndiyo maana nimemwomba mjukuu wangu daftari.

Mkono ndio ulikuwa mizani yetu. Fundi akishanoa, anaupitisha ukingo wa chuma juu ya mkono bila kukandamiza. Nywele zikidondoka zenyewe na ngozi isihisi kitu, amemaliza. Zikikatika nusu nusu, anarudi kwenye jiwe. Kwa hiyo enzi zetu mafundi tukikutana sokoni Ngara mjini tulisalimiana huku tukiangaliana mikono. Kulikuwa na bwana mmoja aliyehamia kutoka Biharamulo, mikono yake yote miwili imejaa nywele, na tulimsengenya mwezi mzima kwamba huyu si fundi, huyu ni mpiga misumari. Zikamfikia habari. Akaja mpaka kijiweni kwetu, akapandisha suruali mbele ya watu, na miguu yote miwili ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Tukamwomba radhi. Tangu siku ile tulimpa kiti.

Tulikuwa wagonjwa wa kunoa, sikatai. Padri alituita mafundi watatu tutengeneze mabenchi ya kanisa, akatukuta saa nne asubuhi hatujagusa ubao hata mmoja kwa sababu tunabishana jiwe lilowanishwe na nini. Mmoja alishikilia maji. Mimi nilitaka oili ya gari iliyokwisha kutumika. Wa tatu alikuwa na imani yake kwamba hakuna kitu kinachoshinda mate, lakini yawe mate ya asubuhi kabla hujala, na akatuapia kwamba siku hiyo alikuwa amefunga makusudi. Padri alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema kama tungekuwa tunatubu dhambi kwa bidii ile parokia nzima ingekwisha kwenda mbinguni.

Mke wangu Domitila ndiye aliyeumia zaidi na ugonjwa huo. Alipotumia patasi yangu ya nusu inchi kufungulia kopo la rangi, niliacha kula chakula cha mchana. Yeye akala changu. Halafu akaniambia, "Gervasi, hicho chuma kingekuwa mwanamke ningekwisha kurudi kwetu."

Nayaandika haya ili mcheke kidogo kwanza, kwa sababu sababu yenyewe ya mimi kunoa haichekeshi, na sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Domitila.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bukuru wa Murukulazo. Nilikwenda kwake nikiwa na miaka kumi na minane na viatu vya kuazima. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye maneno machache, na kama wengi wetu kule hakuwa na urafiki na herufi l. Kila jioni kabla ya kufunga karakana alisema, "Rete vyote," nami nikaleta vyote: randa, patasi, misumeno, tezo. Tulinoa hata vile ambavyo havikuguswa siku hiyo. Nilichoka nikamuuliza, mzee, hii randa haikufanya kazi leo, tunainoa ya nini? Akanijibu, "Vinanorewa siku isiyo na msiba." Mimi nikaona ni uzee tu, au ni ule wazimu wetu wa kawaida. Kisu cha randa yake kubwa alikuwa amekinoa miaka mingi hata kikabaki kipande kifupi, na ili kiufikie ubao alikishindilia kijiti kwa nyuma. Wengine wangekitupa. Yeye alikipenda kuliko vipya vyote.

Mnahitaji kujua desturi ya wakati ule, maana ninyi mmekulia kwenye majeneza ya tayari yenye vioo na vitambaa vyeupe, yamepangwa kando ya barabara. Zamani mtu akifa, mafundi wa jirani walibeba vifaa vyao wakaenda kutengeneza jeneza palepale nyumbani kwa mfiwa, nyuma ya nyumba, karibu na migomba, bila kudai chochote. Mbao zilitoka kwa yeyote aliyekuwa nazo. Na ukuta wa nyumba ulikuwa hatua chache tu kutoka pale tulipokatia. Ndani ya ukuta huo, juu ya mkeka, alikuwa amekaa mwenye msiba wake.

Mzee Bukuru alikuwa na binti mmoja, Evarista, tuliyemwita Eva. Alikuwa na miaka tisa. Alishinda karakanani akiokota maranda, zile nyuzi za mbao zinazotoka kwenye randa, akijipamba nazo kichwani awe bibi harusi. Hakuokota yoyote tu. Aliyataka membamba, marefu, yanayojikunja yenyewe. Nikimpa langu alilinyanyua juani, akalitazama, na mara nyingi alilitupa. "Hili nene," aliniambia. "Kisu chako hakikati, Gervasi." Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda mtoto yule, na nilitaka siku moja nimtolee randa ambalo hatalitupa.

Mwaka wangu wa tatu, Mzee aliitwa Biharamulo kufunga milango ya nyumba moja kubwa. Alisema atakaa wiki mbili. Alichukua sanduku dogo la vifaa, na vile vikubwa akaniachia mimi, na ile randa yake ikiwemo. Kabla hajapanda lori alinishika bega akasema, "Kira jioni, Gervasi. Usirare bira kunoa." Nikasema ndiyo mzee.

Siku nne nilifanya hivyo. Siku ya tano alikuja sokoni mnoa visu wa baiskeli. Labda mmewahi kuwaona: baiskeli inasimamishwa juu ya stendi, mtu anakanyaga pedali, na jiwe la duara linazunguka kwa kasi huku cheche zinaruka. Watu walimzunguka. Panga lililochukua nusu saa kwenye jiwe la mto, yeye alilimaliza kwa dakika tatu. Nikakimbia karakanani nikaleta kisu cha randa ya Mzee na patasi zake mbili. Nilijiambia nitamshangaza akirudi. Yule bwana akavikandamiza kwenye jiwe, cheche zikaruka, watu wakashangilia. Nilipovipokea vilikuwa vinang'aa kuliko vilivyowahi kung'aa. Nikapitisha kisu mkononi mbele ya wasichana waliokuja kununua maharage, nywele zikadondoka. Nilitembea soko zima nikionyesha mkono.

Karibu na ukingo wa kisu kulikuwa na alama ya buluu iliyochanganyika na zambarau, nikaiona ni pambo. Haya ndiyo mnayotakiwa kuyajua, na muyaandike mahali, kwa sababu grainda zenu zinafanya kosa hilohilo kila siku. Chuma kikizungushiwa jiwe kwa kasi kinapata moto. Lazima ukichovye majini kila baada ya sekunde chache, na kama kidole hakiwezi kukishika, umechelewa. Ukiona hiyo buluu, chuma kimekufa. Kimelainika. Kitakunyoa vizuri siku hiyo, kwa sababu ukingo ni mpya, lakini ukikipeleka kwenye ubao makali yanajikunja baada ya misukumo kumi na hayarudi. Msumeno nao ulikuwa butu. Nilikuwa nimepasulia ubao wa zamani wa bodi ya lori, ukakutana na msumari, nikasema nitautia tupa kesho. Jioni ile sikunoa kitu, maana kwa akili yangu randa na patasi zilikuwa zimekwisha kunolewa kuliko kunolewa.

Siku iliyofuata Eva alishikwa na homa. Alilia siku tatu. Alikuwa analia kwa sauti nyembamba isiyopanda wala kushuka, na nilipokuwa karakanani niliisikia kutoka nyumbani. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati na kumrudisha. Mtu alitumwa kwa dereva wa lori ampelekee baba yake habari. Asubuhi ya siku ya nne sauti ilinyamaza, nami nikafurahi nikidhani amepata nafuu.

Walikuja mafundi wawili wazee wa jirani kunisaidia kutengeneza jeneza. Mmoja msumeno wake ulikuwa umeazimwa, mwingine alikuja na nyundo na mikono yake. Wakasema, "Vifaa vya Bukuru vipo, huwa vimenolewa wakati wote." Nikavileta. Mbao zilikuwa za mninga, ngumu na kavu. Nikaweka msumeno.

Sijui niwaelezeje sauti ile. Msumeno butu kwenye mninga haukati, unang'ang'ania, halafu unapiga yowe. Nilijaribu kuusukuma polepole, ikawa mbaya zaidi. Nikajaribu kwa nguvu. Mzee mmoja akanong'ona, "Kijana, huu una nini?" Nikashika randa. Misukumo michache ya kwanza ilikwenda vizuri, kisha kisu kikaanza kurukaruka juu ya ubao kikitoa vipande vinene vilivyovunjika vunjika. Nikarudi kwenye msumeno kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na ukapiga yowe tena, jembamba, lisilopanda wala kushuka.

Mama Eva akatoka ndani. Mfiwa hatoki kwenye mkeka, wanawake walikuwa wamemshika mikono yote miwili na hawakumweza. Alikuja akasimama mbele yangu, akautazama msumeno. Hakunifokea. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Gervasi, mbona unamliza mwanangu? Siku tatu hizi hazijatosha?"

Nimeishi miaka mingi, nimesemwa na watu wengi, wengine kwa haki. Hakuna neno lililoniingia kama hilo. Niliuweka msumeno chini. Tukakaa, mimi na wale wazee wawili, mbele ya mbao zilizokatwa nusu.

Mzee Bukuru alifika mchana, vumbi la barabara ya Biharamulo limemjaa kichwani. Aliingia ndani. Alikaa kitambo. Alipotoka alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaangalia mbao, akachukua randa yake, akagonga kisu kikatoka, akakigeuzia jua. Akaiona ile buluu.

"Nani?" akauliza.

"Mimi, mzee. Nilimpa yule wa baiskeli."

Alikishika kile kisu kifupi alichokinoa miaka yote ile. Kisha akakiweka chini kwa utaratibu, hakukitupa. "Rete tupa," akasema. Akachukua msumeno, akaanza kushuka bondeni kwenye kijito. Nikamfuata.

Sauti ya tupa kwenye meno ya msumeno nayo ni mbaya, inakwangua mpaka kwenye fizi. Ndiyo maana alishuka mbali. Alikaa juu ya jiwe, akaubana msumeno kati ya magoti, akaanza kunoa jino moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye chuma, naye aliyafuta kwa kidole gumba kila mara ili msumeno usipate kutu. Nilisimama pale nikitamani anipige. Alipofika katikati alisema bila kuinua macho, "Mwana wanje, mwanangu, yule mama kule ndani reo hana macho, ana masikio tu. Jeneza tunamtengenezea anayesikia." Akaendelea kunoa.

Kwetu baba hatengenezi jeneza la mwanawe. Kazi hiyo tunamwondolea. Siku ile Mzee Bukuru alilitengeneza mwenyewe, kwa msumeno ule na randa ndogo aliyokuwa amesafiri nayo, kwa sababu mimi sikuwa na kitu mkononi cha kumsaidia. Msumeno ulipita kwenye mninga na kilichosikika ni pumzi yake tu. Randa yake ilitoa maranda membamba, marefu, yanayojikunja yenyewe. Alipomaliza aliyakusanya yote, akayafunga kwenye kitambaa, akayaweka chini ya kichwa cha Eva.

Hakunifukuza. Nadhani mngetaka kusikia kwamba alinisamehe kwa maneno, lakini hakuwa mtu wa maneno. Kesho yake jioni alisema, "Rete vyote," kama kawaida, tukashuka navyo bondeni. Tangu siku hiyo hatukunoa tena nyumbani, maana Mama Eva hakuweza kuvumilia sauti ya tupa. Kila jioni tulibeba vifaa mpaka kijitoni na kupanda navyo. Majirani walitutania, wakasema Bukuru amehamishia karakana kwa vyura. Mimi nilicheka pamoja nao, na nilikuwa muongo.

Pale kijitoni ndipo nilipojifunza kunoa kweli. Kwamba jiwe linachakaa katikati na lazima ulisawazishe kwa mchanga, la sivyo unanoa tumbo badala ya makali. Kwamba ukinoa upande mmoja kuna uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili, huuoni kwa macho, uutafute kwa kidole, kisha uuondoe kwa mkanda wa ngozi. Kwamba mkono uende na pumzi. Mzee alinirudishia kazi yangu mara tisa, mara kumi, bila hasira. Kile kisu chenye buluu alikiweka kwenye sanduku lake na hakukitumia tena.

Nilipofungua karakana yangu hapa Nyamiaga, wanawake waliniletea visu vyao kila Jumamosi, hata wa kutoka Murukulazo. Mama Eva hakuleta. Alimenya ndizi kwa kisu kilichokuwa butu kama kijiko, nikamwona kwa macho yangu nilipokwenda kumsalimu Mzee. Siku moja nikajikaza nikamwambia, "Mama, niletee hicho kisu nikunolee."

"Kinatosha, baba," alinijibu kwa upole, akaendelea kumenya.

Baadaye alipata watoto wa kiume wawili, lakini watu walishazoea, wakaendelea kumwita Mama Eva. Kila nilipomwamkia ilinibidi nilitaje lile jina kwa mdomo wangu. Aliitika marahaba vizuri tu. Hakuninunia hata siku moja. Angeninunia ningejua pa kuanzia.

Kazi ikabadilika. Mninga ukaadimika, tukaingia kwenye msonobari na mikaratusi. Ikaja misasa ya kila namna, ikaja misumeno ambayo meno yake yamefanywa magumu kwa moto kiwandani hata tupa haiingii, ukiisha makali unautupa. Nilipoambiwa msumeno wa kutupa niliona ni mzaha. Siwalaumu, mnamaliza kitanda kwa siku moja na mimi nilichukua wiki nzima, siku mbili kati yake nikinoa. Na majeneza ya dukani yana wema wake, mama hasikii kitu. Lakini mkiwasha zile mashine kwenye nyumba ya msiba, jenereta na kila kitu, mimi huondoka naenda kukaa barabarani.

Mzee Bukuru alipofariki nilikuwa kwenye kazi Biharamulo. Nilipigiwa simu alfajiri, saa sita mchana nikawa Murukulazo, vifaa vimenolewa jioni iliyotangulia kama kila jioni. Wanawe wakaniachia kazi. Nilijua dirisha dogo la chumba anachokaa Mama Eva liko upande ule wa nyuma. Nilijiambia leo atausikia ukimya, leo atajua kwamba nilijifunza. Nikaweka msumeno kwenye ubao, na palepale kwaya ya jumuiya ikaanza kuimba, ngoma na kayamba, sauti zote nne. Waliimba tangu ubao wa kwanza mpaka msumari wa mwisho. Ningeweza kukata bati nyuma ya nyumba ile na hakuna ambaye angesikia. Nilitaka kwenda kuwaomba wanyamaze, nikaona aibu. Baada ya mazishi nilimpa mkono Mama Eva, akasema, "Asante kwa kazi, Gervasi." Basi.

Mikono ilianza kutetemeka nikaacha kazi. Karakana nikaifunga, lakini kunoa sikuacha. Kila jioni nashuka bondeni na msumeno mmoja, randa moja na patasi. Domitila aliniuliza, "Unanoa kwa ajili ya nani, na kazi huna?" Nikachukua msumeno nikashuka. Sasa nasema bila kuficha: nilikuwa namsubiri yule mama afe. Ni neno baya kuliandika. Nilimwombea maisha marefu kila Jumapili, na kila jioni nikanoa kwa ajili ya jeneza lake, nikiogopa mikono yangu isimtangulie.

Alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Mjukuu wake Sekunda, mwanamke mzima sasa, alikuja kwa bodaboda, amelowa.

"Shikamoo babu. Bibi ametutoka."

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Vijana wa Benaco walikuwa wanakuja na mashine, tumewazuia. Bibi aliacha neno. Alisema mashine isiwashwe. Alisema aitwe Gervasi."

"Alisema lini?"

"Tangu babu Bukuru alipofariki. Alikuwa anarudia rudia. Alisema siku ile ya babu alikaa karibu na dirisha la nyuma, kwaya ikawa inaimba, yeye akawa anasikiliza chini ya zile nyimbo. Akasema alisikiliza mpaka mwisho na hakumsikia Eva akilia." Sekunda aliniangalia. "Sisi hatukumwelewa. Wewe unaelewa, babu?"

Nilimwambia naelewa. Domitila alikuwa mlangoni, na sasa alikuwa amejua nilikuwa nanoa kwa ajili ya nani. Akaingia ndani akaniletea koti.

Sekunda alitoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa kitenge. Kilikuwa kile kisu cha kumenyea ndizi. "Na hiki," akasema. "Alisema ukinoe."

Wawili wenu mlikuwepo Murukulazo siku ile, mlinishikia mbao kwa sababu mikono yangu haikutulia, na mlishangaa kwa nini mzee analia huku kazi inakwenda vizuri. Sasa mmejua. Mninga tuliupata, mlango wa zamani wa karakana ya Mzee. Ndani ya nyumba walikuwa wamenyamaza, hata kwaya ilinyamaza, na msumeno ukapita bila sauti. Na aliyekuwa na haki ya kuusikia alikuwa amelala chini ya shuka, hasikii. Nilipitisha randa ubao wote kwa msukumo mmoja mrefu. Nikanyanyua randa la kwanza juani. Lilikuwa jembamba, likajikunja lenyewe. Nadhani Eva asingelitupa. Nikayakusanya yote nikayaweka chini ya kichwa cha mama yake.

Kisha nikashuka kijitoni nikakinoa kile kisu. Kilichukua muda, maana kilikuwa hakijaguswa na jiwe tangu mimi niko kijana. Nikakipima mkononi, nywele zikadondoka. Nikapanda nikampa Sekunda, akaingia jikoni kuwamenyea waombolezaji ndizi.

Jioni bado nashuka. Kunoa naweza, ni kusukuma randa tu kunakonishinda. Jiwe ni kubwa, linatutosha watano. Leteni patasi zenu, leteni na maneno yenu ya kunitania. Njooni siku yoyote ambayo hakuna aliyefiwa.